Kamba

Yalianzia kiunoni, pale kanga inapobana:
mabaka mawili mekundu, yamevimba kama maandazi.
Kufika saa nne yamepanda mgongo,
yameshikana mikono.
Nikajikuna kwa kucha, kwa kitana, kwa ukuta wa stoo.
Kikulacho ki nguoni mwako, nikakumbuka,
nikavua nguo chooni, nikazikung'uta.
Hapakuwa na kitu. Vumbi la mkonge tu,
lilelile la miaka kumi na mmoja,
na tumboni kiporo cha wifi, ambacho sikukihesabu.

Semkiwa wa mizani akanionea huruma.
Akatoa kikaratasi cha gazeti, kimekunjwa mara nne,
ndani vidonge vya njano, vidogo, havina jina.
"Vya shemeji. Vilimfaa. Meza viwili."
Nikameza viwili.
Saa sita bado nawashwa. Nikameza cha tatu.

Mwasho ulikwenda, sikatai.
Ulikwenda na mimi.

Aliyewahi kusimama mbele ya mashine ya brashi
anajua: unaipa singa, inazichana, inazirudisha nyeupe.
Ukiipa kitu kingine, haiulizi.
Kinywa changu kikavu kama nimetafuna chaki,
kope nzito, kila moja gunia.
Sikulala. Nilipepesa tu.
Nilipofumbua, mtandio wangu ulikuwa unakwenda,
umeshikwa ncha, unakwenda,
na Mwanakheri anazima umeme kwa ngumi.

Mtandio ule ninao. Nusu.

Kesho yake, Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
duka la dawa la Nakijwa, binti wa Kipare asiye na haraka.
Mimi nilitaka kununua, yeye alitaka kujua.
Unafanya kazi gani? Una mimba? Unanyonyesha?
Una presha ya macho? Kuna dawa nyingine unayotumia?
Nikasema hakuna, ni ya mafua tu.
Akageuza boksi la ile ya mafua, akaniwekea kidole:
dawa ya mzio imo, imejificha nyuma
kwa herufi za sisimizi.
"Ungemeza hii na ile, ungekuwa umemeza mara mbili."

Akanipa ya aina nyingine, isiyolaza wengi.
"Wengi," akarudia. "Si wote.
Ya kwanza imeze siku huendi kwenye mashine,
uone mwili unavyoipokea.
Fuata nilivyoandika. Kikichelewa, usikiongezee mwenzake.
Na pombe, hapana."
Na mnazi? nikauliza, kwa niaba ya mume wangu.
"Mnazi ni pombe, mama."
Na mtoto akiwashwa?
"Mtoto si nusu ya mtu mzima. Usimkatie chako.
Mlete apimwe uzito."

Kisha akaacha kutabasamu.
"Siku midomo ikivimba, ulimi ukajaa kinywani,
sauti ikakwaruza, pumzi ikapiga filimbi,
usinitafute mimi, usitafute kidonge.
Gari lolote. Bombo. Papo hapo."

Nikachukua daftari la hesabu la mwanangu, nyuma,
nikaandika nilichogusa, nilichokula.
Jumatatu, mkonge, ugali, dagaa: salama.
Jumatano, mkonge, mchicha: salama.
Alhamisi kwa wifi, kamba wa nazi, kidogo tu,
sikumaliza hata kijiko cha tatu
kiuno kikaanza.
Mkonge wa watu nilikuwa nimeusingizia!
Nimeilaumu kamba, kumbe ni kamba;
si kamba ya, ni kamba wa:
sarufi ya darasa la tatu, niliyochapiwa fimbo,
imekuja kunidai ukubwani.
Daktari amenipangia vipimo, atahakikisha yeye.
Mimi nimekwisha mwambia wifi. Amenuna.

Juzi Semkiwa akatoa tena kikaratasi,
kwa kibarua mpya anayejikuna shingo.
Sikusema kitu.
Nilichukua mtandio wangu, ule nusu,
nikautandaza juu ya mizani yake ya marobota.
Mshale haukusogea.
Semkiwa akautazama muda mrefu,
akakunja kikaratasi mara ya tano.